Kisu Changu Kwenye Nyanya za Mama Rehema

Mie ni mwalimu wa baiolojia, nakaa Bunju, na udadisi wangu utaniua siku moja. Mwezi uliopita mche mmoja wa nyanya wa jirani yangu, Mama Rehema, ulinyauka ilhali udongo una maji. Na nyanya hizo ndizo zinazoendesha nyumba yake.

Nikachomoa kisu, nikapasua shina. Ndani kahawia tupu.

"Ni kuvu, mama. Inamwaga sumu, na sumu inavizima vimeng'enya, vile vinavyoendesha kazi zote ndani ya seli. Mmea unakufa kwa kiu na maji yapo."

Nikanogewa. Hivi sumu huanza kuonekana lini? Nikachanja mche wa pembeni, na uliofuata, hadi mwisho wa tuta. Yote mizima! Nikaondoka nimefurahi.

Jana akaniita. Tuta zima limenyauka, majirani wamejaa. Nikakitoa tena kisu changu, nikaanza somo.

"Kuvu haitembei yenyewe, jamani. Inabebwa. Kwa mfano, kisu kikikata mmea mgonjwa, halafu..."

Mama Rehema alikuwa anautazama mkono wangu.

"Malizia, mwalimu," akasema. "Halafu?"