Vidonge vilivyorudi nyuma ya pazia

Saa mbili asubuhi, duka la dawa ndiyo kwanza linafunguliwa. Mwanamke mnene aliyevaa koti jeupe anasukuma mizani kwa mguu mpaka kwenye kona, kando ya ndoo ya maji. Anavuta pazia. Nyuma yake anaweka boksi lenye tundu la kupitisha mkono, kisha anabandika karatasi mlangoni: KUPIMA UZITO BURE WIKI HII.

"Bure?" anauliza seremala anayepita na mbao begani. "Dada Mizani, umeokota hela?"

"Nimeokota akili. Njoo upime."

"Na mbao?"

"Mbao njoo nazo. Maneno yako yaache nje, yatanivunjia mizani."

Hivyo ndivyo wateja wanavyomwita, Dada Mizani. Ameuza dawa hapa tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno, na sasa huyo mwana ananyoa ndevu.

Wiki iliyopita lilikuja tangazo kutoka serikalini. Aina moja ya vidonge vya mafua na aina moja ya vidonge vya kupunguza mwili viondolewe madukani, na kila aliyenunua arudishe, apewe hela yake. Vyote viwili vilikuwa na kiambato kimoja.

"Kile kinachokausha pua ndicho hicho hicho kinachokata hamu ya kula," anaeleza, akizungusha kifuniko cha kalamu. "Lakini kinabana mishipa. Mtu presha inapanda, mshipa unaweza kumpasukia kichwani. Sasa fikiria anayemeza vyote viwili. Anakula dozi mara mbili na wala hajui."

Vidonge vya mafua vilirudi vyenyewe. Watu walikuja navyo mkononi, wengine wakipiga chafya papo hapo huku wakidai hela. Seremala alileta vyake vimejaa vumbi la mbao, maana alivihifadhi kwenye sanduku la misumari.

Vile vya kupunguza mwili havikurudi hata kimoja.

"Niliviuza kwa mikono hii," anasema Dada Mizani. "Nikimuuliza mtu, ananikazia macho. 'Mimi? Vidonge vya kupungua? Kwani mimi nina nini?' Hata siku ya kununua hawakuvitaja. Walinyoosha kidole tu: nipe vile. Sasa utamdai mtu vipi arudishe kitu ambacho mdomo wake haujawahi kukitaja?"

Usiku hakulala vizuri. Ndipo akakumbuka kwamba wote walionyoosha kidole walikuwa na tabia moja. Hakuna aliyepita dukani bila kupanda mizani.

Basi akaacha kuvitafuta vidonge. Akawaita watu wapime, na chini chini akaeneza habari kwamba nyuma ya pazia kuna boksi la vidonge lisilouliza jina.

Kufikia saa tano, benchi la wagonjwa limejaa watu wasio wagonjwa. Anaingia mwalimu, anaingia mama mwenye saluni, anaingia bibi mmoja na mjukuu wake aliyekwisha olewa. Kila mmoja anakwenda nyuma ya pazia peke yake. Kwa nje zinasikika sauti mbili tu. Kwanza mizani inalia kwa uzito wa mtu. Kisha kitu chepesi kinaanguka ndani ya boksi.

Ukikaa hapo ukasikiliza, mwili unakusisimka. Hakuna anayesema neno, hakuna anayemtazama mwenzake, na boksi linajaa. Vitu vilivyotoka dukani humu vimefichwa vinarudi vimefichwa vile vile, kutoka chini ya magodoro na ndani ya viatu vya zamani, kwa sababu mwanamke mmoja aliweka kitambaa kati ya mtu na macho ya watu.

Muuza nyama anaingia, anainama kwenye kaunta.

"Nimetumwa na mke wangu," ananong'ona. "Ni vyake."

"Mwambie pole. Pita nyuma ya pazia."

Anapita. Kitu kinaanguka. Halafu mizani inalia kwa kishindo.

"Dada," anaita kwa sauti ndogo, "hebu njoo unisomee. Nimpelekee majibu."

Dada Mizani anakwenda, anasoma, anarudi kwenye kaunta. Hacheki mpaka muuza nyama amevuka barabara.

Mchana ukifika, furaha yake inapungua. Kuna mtu hajaja. Ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, shoga yake wa miaka mingi, ambaye vumbi la vitambaa humtia mafua kila mwezi. Alimuuzia vidonge vya aina zote mbili, kwenye mfuko mmoja.

Anamwachia duka mfamasia, mwenye duka anayepanga dawa kwa ndani, anavuka.

Fundi yuko dirishani, mguu kwenye cherehani, futi shingoni, uso umevimba. Gauni lake la harusi ya bintiye limetundikwa ukutani.

"Shoga, leo kupima ni bure."

"Nimesikia. Mimi nina futi."

"Kichwa vipi?"

"Kinagonga kuliko hii mashine. Tangu juzi. Kazi nyingi."

Dada Mizani anaketi juu ya rundo la vitambaa. "Nipe vidonge. Vya pua na vile vingine."

Fundi anaendelea kushona mpaka mwisho wa mstari. "Magauni yangu yote nimeshayapunguza. Harusi ni Jumamosi. Nikifura tena, nani atanirudishia upana wake?"

"Kwani fundi hapa ni nani?"

Fundi anataka kukasirika, anacheka. Anainuka, anashusha gauni, analigeuza ndani nje. Kwenye mshono kuna kitambaa kingi kimekunjwa.

"Sikukata," anasema taratibu. "Nilishika mkasi, mkono ukakataa. Nikakunja tu."

Vidonge alikuwa amevificha kwenye kopo la vifungo; anavitoa.

Dukani, mfamasia anampima presha, anampima tena, kisha anakwenda mwenyewe kuita gari. Hospitalini daktari anamuuliza ameacha lini kumeza. "Leo mchana," anajibu fundi. Daktari anashusha pumzi. Wanamlaza siku mbili, na Ijumaa anarudi nyumbani kufumua mshono.

Harusi ilipita. Mama wa bibi harusi alicheza mpaka viatu vikamshinda.

Boksi limekwisha chukuliwa, lakini Dada Mizani hataki kona ife. Ana mpango. Anataka kiti pale, na pazia zito, ili mtu aseme kila anachomeza kabla hajauziwa kingine. Mfamasia amekubali kutoa kiti. Pazia analishona fundi, bila malipo.

"Upana kiasi gani?" anauliza fundi, futi mkononi.

Dada Mizani anasimama kwenye kona, ananyoosha mikono yote miwili.

"Nipime mimi. Nikienea mimi na aibu yangu, kila mtu ataenea."