Mkono wangu ndio ulioandika listi ya msamaha wa rais

Wakuu, habari za humu ndani.

Mi ni msomaji wa kimya, miaka mingi sasa. Leo nimekuta watu wanabishana kuhusu misamaha ya rais na vyeo vya kupeana, kila mmoja anawalaani wakubwa. Nimeshindwa kukaa kimya, kwa sababu mi nimewahi kuishika ile kalamu.

Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, yaliyobaki ni vile vile yalivyotokea. Kiswahili changu ni cha Bukavu, pakikwaruza mnivumilie.

Bon.

Ni miaka ile ya vita ya pili kwetu Kongo. Mi na mke wangu, mama Aline, na batoto wawili tulitoka Bukavu, tukazunguka sana, mwisho tukaangukia Malawi. Tukapewa kiwanja Dzaleka. Kwa wasiojua, hiyo ni kambi ya wakimbizi wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi palikuwa jela. Mmalawi yeyote mtu mzima analijua hilo.

Kwetu nilikuwa mwalimu wa primaire, shule ya msingi. Lakini mwalimu wa Kifaransa, Malawi atamfundisha nani? Nikajifunza ushonaji kanisani, nikawa fundi.

Shida ni kwamba kambini mafundi walikuwa wengi kuliko nguo. Nikabeba cherehani yangu mpaka Lilongwe, nikapanga kibaraza Chilinde karibu na soko. Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi mjini bila kibali. Nilijua kabisa. Nilikuwa naomba Mungu tu asubuhi, halafu nashona. Mwezi wa pili polisi wakapita na gari.

Hakimu akanipa mwaka mmoja.

Gereza sitalitaja. Siku ya kwanza niliingia uani nikasimama tu, sijui pa kuweka miguu, watu wamejaa kama mahindi kwenye gunia. Mzee mmoja akasogea kidogo, akapiga-piga chini kwa kiganja.

"Kaa hapa. Umetoka wapi?"

"Dzaleka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa tunatishwa na jina hilo tangu vijana, nyie mnapakimbilia!"

Huyo ndiye mzee Lameki. Mkulima wa vijiji vya ndani huko Dowa, umri umepita sabini, miguu imevimba hata kiatu hakiingii. Alinunua ng'ombe mnadani, kumbe wa wizi. Mwizi hakuonekana, mzee akaonekana. Miaka mitatu, na alikuwa amemaliza zaidi ya nusu.

Nilikuwa namwita Agogo, ndivyo wanavyowaita wazee kule. Alinifundisha Kichewa, mi nikamwandikia barua za kwenda kwa mkewe. Mwandiko wangu ni wa ubaoni, wa mwalimu, umenyooka. Hizo barua njo, yaani ndizo, zilinifikisha ofisini.

Askari wa mafaili alikuwa Bwana Mbewe. Taipu yao ilikuwa imekufa, na sikukuu ya uhuru inakaribia. Akaniita.

"Wewe Mkongo unaandika vizuri. Kaa."

Akanipa karatasi chafu-chafu ya majina ya wanaopendekezwa msamaha wa rais, niinakili safi. Sharti lilikuwa juu pale: wazee, wagonjwa, na waliomaliza nusu ya kifungo kwa tabia nzuri. Majina arobaini. Namba kumi na saba, Lameki.

Wakuu, niliandika ile namba kumi na saba nikitabasamu peke yangu.

Nikarudi uani nikamwambia. Hapo njo kosa langu la kwanza, ingawa siku ile niliona ni wema. Mzee hakupiga kelele. Akauliza tu, "Jina langu umelimaliza lote? Na la baba yangu?"

"Yote mawili, Agogo."

Wiki ile mkewe alikuja kumwona, mzee akamwonyesha mi mwandishi wa barua, akamwambia habari ya listi. Baadaye mzee akaanza kugawa vitu vyake. Blanketi akampa mtu mwenye kifua. Sahani akampa mwingine. Akabaki na furushi dogo.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu Chairman.

Huyu alikuwa mtu mkubwa wa chama. Alikula mabati ya shule, shule nzima ikanyeshewa. Alipewa miaka minne, na alikuwa na miezi miwili tu ndani. Hakuwahi kugusa chakula chetu. Wageni wake walikuja na magari, naye akawapokelea ofisini. Siku moja nilipita na ndoo nikamwona amekaa kwenye kiti cha Bwana Mbewe, na Bwana Mbewe amesimama.

Siku tatu kabla ya sikukuu nikaitwa tena. Listi ile ile, lakini majina mawili yamepigwa mstari mwekundu. La kumi na saba na la thelathini na mbili.

"Andika upya yote," akasema Bwana Mbewe. "Kumi na saba weka Chairman. Sababu, andika mgonjwa."

"Bwana, huyu mzee wa kumi na saba miguu yake..."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, bwana."

"Basi andika."

Nikaandika. Nilipofika thelathini na mbili akaenda kufunga mlango. Akarudi taratibu.

"Hapo weka jina lako."

Nikamwangalia.

"Mke wangu ni kiongozi wa akina mama wa chama. Kuna mkutano mkubwa unakuja, wana vitenge vya kushonwa. Wanasema wewe ni fundi."

Hivyo tu, wakuu. Haikuwa huruma wala sheria. Vitenge.

Najua kuna mtu hapa anasema, mi ningekataa. Labda. Mama Aline alikuwa peke yake kambini, mtoto wa pili anaumwa, na mi nilikuwa nimebakiza miezi saba. Niliandika jina langu. Na niwaambie ukweli wenyewe: mkono haukutetemeka. Liliandikika vizuri kuliko majina yote.

Mpaka leo sijui nilikalia nafasi ya nani. Kwenye karatasi Chairman alimtoa mzee, mi nikamtoa mtu ambaye hata sura yake siijui. Lakini moyoni hesabu haiendi hivyo.

Siku tatu zile nilikula na mzee sahani moja, maana ya kwake alishaigawa. Nilimsikiliza akipanga shamba: wapi atapanda karanga, nani atamsaidia kulima. Kila mara mdomo ulifunguka niseme, ukafunga.

Siku yenyewe tulipangwa uani. Ofisa akasoma. Mzee alisimama na furushi lake kwapani, kwa miguu ile. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba, Chairman. Mtu akacheka kwa pua.

Mzee hakuelewa. Aliendelea kusubiri. Jina langu likasomwa, arobaini likasomwa, ofisa akakunja karatasi.

Mzee akanishika mkono. "Kuna ukurasa wa pili?"

Nikasema, "Labda, Agogo."

Nikaondoka.

Nje ya geti alisimama mkewe na shati jeupe limepigwa pasi. Alinitambua, mi njo mwandishi wa barua. Akauliza, "Yuko nyuma?"

Nikamwambia, "Anakuja."

Sitaki kusema zaidi juu ya siku ile.

Vitenge nilishona. Wiki mbili, nyumbani kwa Bwana Mbewe, kifuani picha ya mkubwa wa chama, mgongoni picha yake. Halafu nikarudi Dzaleka kwa mama Aline, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alinipikia tu, lakini usingizi wangu ulibadilika. Nikawa mtu wa kutembea-tembea. Naanza suruali naiacha, naenda bombani bila ndoo, narudi.

Mwaka haukuisha, redio ikasoma uteuzi. Chairman kapewa kuongoza bodi ya serikali. Nilizima redio ya jirani bila kumwomba ruhusa, tukakosana.

Halafu akaja kambini kama mgeni wa heshima. Wakatafuta mkalimani wa Kiswahili, wakaniita mi. Hakunikumbuka hata kidogo. Alihutubia wakimbizi juu ya kutii sheria za nchi, hasa wale wanaofanya biashara mjini bila kibali. Akasema mbele ya sheria hakuna mkubwa wala mdogo. Mi nikatafsiri. Watu wakapiga makofi.

Nyumbani mama Aline hakunitazama.

"We njo ulisema ile maneno?"

"Mi nilitafsiri tu."

"Na kule gereza uliandika tu."

Kesho yake nikapanda minibasi mpaka Dowa Boma, makao ya wilaya, kisha baiskeli, kisha miguu. Nilimkuta mke wa mzee anapalilia mahindi peke yake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama palepale kwenye tuta, pamoja na lile neno la getini.

Alisikiliza ameegemea jembe.

"Nilisimama pale mpaka wakafunga," akasema. "Nikadhani amekufa, wanaogopa kuniambia."

Nikamwomba karatasi tu, ya aina yoyote.

Tuliandika ombi la mzee kwa jina la mkewe, mkuu wa kijiji akagonga muhuri. Nyuma yake nikaambatanisha karatasi yangu: mi fulani, mkimbizi, niliandika listi, jina la Lameki lilikuwepo, likafutwa, la Chairman likaingia, na langu likaingia. Nikaweka sahihi.

Mama Aline alipoisoma akakaa chini. "Batakurudisha mule. Batoto nitabapeleka wapi?"

"Sijui."

Akaikunja vizuri. Kisha akairudisha mkononi mwangu. "Peleka. Lakini usiniambie siku gani."

Nilipeleka kwa padri mmoja upande wa Likuni, pembeni ya Lilongwe, aliyesaidia wafungwa. Aliisoma mara mbili. "Unajua hii inaweza kukufunga wewe, si yeye?" Nikamwambia najua. Miezi miwili iliyofuata, kila gari lililoingia kambini nilisimama.

Hakuna aliyekuja.

Chairman hakuulizwa na mtu. Bwana Mbewe alipandishwa cheo. Karatasi yangu, padri alisema, iliwekwa kwenye faili na faili likafungwa. Kilichosaidia ni daktari ambaye padri alimpeleka gerezani, akaandika mistari miwili juu ya miguu ya mzee. Mzee akatoka, amebakiza miezi minne tu.

Nikaenda kumwona. Alikuwa nje anapukuchua mahindi. Hakuinuka. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza, akanikatiza.

"Mke wangu ameniambia. Kuandika, ulikuwa mfungwa, uliambiwa andika. Kutoka, hata mimi ningetoka. Lakini zile siku tatu ulikula na mimi, unanisikia napanga karanga. Hilo hukuambiwa na mtu."

Mkewe akaniletea maji. Maji tu. Anayewajua Wamalawi anaelewa maana ya mgeni kuondoka bila nsima, ugali wao.

Nilirudi msimu wa kupanda, nikalima naye. Maji. Nikarudi kupalilia. Maji. Mara ya nne, mavuno ya karanga, yule mama akatoka na sahani mbili na bakuli la kunawia, akaliweka mbele yangu kwanza.

Nilinawa, wakuu, na maji yale yalikawia kukauka mikononi.

Nilichojifunza si kikubwa. Tunapigia kelele upendeleo wa juu, na tupige, ni haki yetu. Lakini listi haijiandiki. Kuna karani, kuna dereva, kuna fundi wa vitenge, na kila mmoja ana mtoto anayeumwa nyumbani. Chairman hakuwahi kumjua Lameki. Mi nilimjua.

Basi, karibuni mniseme, nimekuja kusemwa. Ila kabla hujanisema, tuambie na wewe: ile nafasi uliyowahi kupatiwa na ndugu au rafiki, unamjua aliyeikosa? Na ulishawahi kwenda kwake?