Pamba Mezani, Jicho Angani

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Pamba ameinamia meza ya mchanga yenye vilima, mto na daraja la vijiti. Mwanafunzi anachungulia kwa darubini na kutamka: "Kushoto hamsini, ongeza mia." Bi Pamba anapima kwa rula, anachomoa kipande cha pamba, anakiweka nyuma ya daraja. Hapo ndipo kombora lingeanguka.

"Umeua mbuzi wa watu," anamwambia. "Rudia."

Kwa miaka ishirini na mbili, raia huyu amewafinyangia askari wa chuo cha mizinga vilima vya kujifunzia shabaha. Zamani mwelekezaji, anayewaambia wapiga mizinga kombora limeanguka wapi, alipanda kilimani na darubini yake. Baadaye akapandishwa kwenye ndege ndogo. Siku hizi jicho ni droni, na mkufunzi wake ni mdogo wake Bi Pamba, wa tumbo moja.

Chumba cha mdogo mtu kina kiyoyozi na skrini sita. Wageni wakija, hupelekwa huko moja kwa moja. Mwezi huu meza iliambiwa ipishe skrini ya saba.

"Nidanganye ili iweje? Namwonea wivu," anasema Bi Pamba. "Mimi ndiye niliyemshika mkono kumleta hapa. Leo ananipita koridoni funguo za chumba chake zikilia, mimi na ndoo yangu ya mchanga."

Wiki iliyopita, mazoezini, droni ilikuwa ikizunguka shabaha. Wanafunzi wakasema "kushoto" kwa kufuata picha, kumbe droni yenyewe imekwishageuka. Makombora matatu yakatua ng'ambo ya mto, karibu na njia ya waenda kwa miguu. Bahati nzuri hakukuwa na mtu. Mkuu wa chuo akasimamisha mazoezi.

Jioni mdogo wake alisimama mlangoni. "Dada, wanafunzi wangu hawajui kushoto ni kwa nani. Nisaidie."

"Nilitaka kumwambia akaiulize skrini yake," anakiri. "Neno lilishafika ulimini. Nikawafikiria wapita njia."

Akawazungusha wanafunzi mezani, hatua kwa hatua, mpaka kila mmoja akaona kushoto kwake kukigeuka kulia. "Semeni kushoto kwa mzinga," akawaambia. "Mzinga hauzunguki."

Mazoezi yamerudi na meza imebaki. Barua ya pongezi, hata hivyo, imeandikwa kwa mdogo wake, na imetundikwa chini ya kiyoyozi.

Bi Pamba ameomba kujifunza kurusha droni mwaka ujao.

"Meza siiachi," anasema. "Ila siku moja wageni waje wanikute mimi na funguo, yeye ndiye kashika ndoo."