Kwa Nini Tulimpigia Kura Tena

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata sasa na mvi zangu hizi, chai hupoa kikombeni bila mimi kujua. Ni siku tuliyomzika mama yangu.

Ilikuwa katikati ya mvua kubwa. Unajua mwenyewe, mwanangu, huku kwetu milimani mvua ikinyesha siku tatu mfululizo njia inakuwa sabuni. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya shamba la kahawa, na sisi wabebaji tulikuwa wachache, maana vijana wengi walikuwa wameshuka ziwani kutafuta riziki. Tulipofika pabaya, jeneza likaanza kutuelemea. Hapo ndipo lilipotokea gari na kusimama barabarani, akashuka mtu mmoja. Wakati ule hakuwa diwani bado. Alikuwa mtu wa kata yetu mwenye gari na maneno. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingiza bega. Katikati ya mteremko aliteleza akapiga goti kwenye matope, lakini upande wake wa jeneza haukushuka hata kidogo.

Pale kaburini akasema maneno machache kwa Kimatengo. Akamtaja mama kwa jina lake la usichana. Mwanangu, hakuna mtu mwenye gari aliyewahi kulijua jina la mama yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na siku ile nilikuwa tayari kumfuata mtu yule hata shimoni.

Nakueleza haya kwa sababu ya jambo la wiki iliyopita. Ulikuja likizo, ukamwonyesha baba yako, mdogo wangu, zile habari za kiongozi wake kwenye simu. Ukamwambia, "Baba, mtu huyu anawaibia mchana kweupe na bado mnampigia makofi. Ninyi mna akili kweli?" Baba yako akanyanyuka akatoka nje. Wewe ukaondoka bila kula. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, sikusema neno. Nimezoea kutosema. Lakini nimekaa siku saba nikifikiri, nikaona nikifa nalo hili nitakuwa nimekudhulumu.

Basi mtu yule tulimpa udiwani. Tulimwita Jembe, maana alikuwa akipita mashambani anakuta watu wanachimba ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, naye anachukua jembe anachimba safu nzima huku anatania akina mama. Aliwatukana wakubwa wa mjini kwenye kipaza sauti mpaka tukalia kwa kucheka. Alikuwa na mpinzani wake, mwalimu mstaafu, mtu safi asiye na doa. Mwalimu yule alikuja uwanjani akatuambia kwamba tunanunuliwa kwa kofia na kilo ya sukari. Alisema kweli. Lakini alisema huku anatutazama kama watoto waliojikojolea. Sisi kweli yake hatukuisikia, tulilisikia tusi.

Wakati huo tulikuwa tunajenga zahanati. Tofali tulichoma wenyewe, mawe wakabeba akina mama kichwani. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Mabati yalipoletwa, nikapewa rangi nyekundu na brashi niandike herufi Z upande wa chini wa kila bati, yasije yakapotea. Nilikuwa na haraka, kwenye yale ya mwanzo nikaiandika Z kinyumenyume. Rafiki yangu Osmund akacheka mpaka akakaa chini. "Gaudensi," akasema, "miaka saba ya shule na bado herufi zinakugeuzia mgongo!"

Huyu Osmund sikwambii alikuwa nani kwangu. Tulibatizwa siku moja. Tulitumikia misa pamoja, tulichapwa pamoja kwa kula miwa ya padri. Alipokua akawa mchuuzi: anashusha mahindi na maharage Mbamba Bay, anapandisha usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Kila akirudi, kabla hajafika kwake, anapitia kwangu kuniachia usipa wa mboga, hata kama ni sahani moja.

Jembe akaja na lori akayachukua mabati, akasema ofisi ya kijiji haina mlango wa maana, atayahifadhi mpaka mafundi wawe tayari. Mvua zikapita. Tukiuliza, anasema mabati yalikuwa mabovu, ameyarudisha, mapya yanakuja. Tukasema sawa.

Jioni moja Osmund akafika kwangu hana usipa. Akakaa. Akasema, "Ndugu yangu, nimelala kwenye nyumba mpya ya wageni kule ziwani. Ni ya Jembe. Asubuhi nimekaa barazani nanywa chai, nikainua macho. Nimeona mwandiko wako."

"Mwandiko gani?"

"Z zako. Zile zilizogeuka."

Nilijua palepale kwamba ni kweli. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukosea vile. Lakini unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asiseme kwa watu, tumpe muda, pengine ameazima. Osmund akasimama. Akasema, "Mimi nitasema. Wewe utakuwepo."

Mkutano wa kijiji ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku ya Jumapili baada ya misa. Osmund akasimama akaeleza. Jembe hakukasirika hata kidogo. Akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Osmund ndugu yangu, huko ziwani umekunywa nini? Mabati yote duniani si yanafanana?" Watu wakaangua kicheko.

"Haya yana alama," Osmund akasema. "Muulizeni Gaudensi. Ndiye aliyezichora."

Jembe akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona. Akashusha kipaza sauti, akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mdogo wake, "Gaudensi, mwana wa mama yangu. Sema wewe."

Mwana wa mama yangu. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami nililibeba neno hilo kichwani kama sheria. Nikaliona lile goti kwenye matope. Nikasimama, nikasema, "Sikumbuki kama niliweka alama."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja mifupa. Osmund hakubishana. Alivaa kofia yake akaondoka akikatiza katikati ya watu, nao wanamzomea. Tangu siku ile usipa wake haukununuliwa pale kijijini. Watu walisema ametumwa na maadui. Miezi michache baadaye akahamisha mke na watoto akashuka nao ziwani, moja kwa moja. Hakuniaga. Na mimi sikutoka nje kumwona akipita.

Masika yaliyofuata mke wangu Winfrida, unamkumbuka mama yako mkubwa, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja. Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha. Mama Scholastika, mkunga wetu wa jadi, alimpima kwa mikono akasema, "Huyu mtoto amekaa vibaya. Apelekwe hospitali Mbinga." Zahanati yetu ilikuwa kuta tu, nyasi zimeota ndani, mganga aliyeahidiwa hakuja kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumweka. Tukamweka Winfrida kwenye machela, tukaanza kutembea. Hatukufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia chini ya turubai, mikononi mwa Mama Scholastika, wala hakulia. Alikuwa wa kiume. Hatukupata mwingine.

Jembe alikuja msibani. Akalia kweli, machozi yale hayakuwa ya uongo. Akaleta mchele na sukari, akakaa nasi chini kwenye mkeka. Na uchaguzi ulipofika, mwanangu, nikasimama kwenye mstari tangu asubuhi, nikampigia kura.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wewe na simu yako mnapokosea. Ulidhani baba yako hajui. Mimi nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima, nilijua kwa rangi iliyobaki kwenye kucha zangu. Na bado nilikwenda.

Wiki moja baada ya uchaguzi Mama Scholastika akaniita kwake. Nikamkuta jikoni anachagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umempigia tena?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchagua. Nikadhani ameridhika. Kisha akasema, "Mimi nilimpokea mwanao kwa mikono hii. Nikasema moyoni, sasa Gaudensi atauliza. Nimengoja. Hukuuliza."

"Kuuliza nini, mama?"

"Kwa nini tulikuwa njiani."

Akaweka ungo chini. "Watu wanasema unampenda yule bwana kwa sababu ya mazishi ya mama yako. Mimi nasema hapana. Deni la mazishi ulishalilipa siku ile uwanjani, ukalilipa kwa kumtoa Osmund, naye hakuwa wako kumtoa. Sasa hivi humpendi. Unaogopa tu kwamba ukimwacha, utabaki peke yako na Gaudensi aliyesema hakumbuki. Ndiyo maana unamshikilia. Akiwa mtu mwema, wewe huna kosa."

Mwanangu, nimehubiriwa na maaskofu, lakini sijawahi kuhubiriwa kama siku ile.

Kesho yake nikateremka Mbamba Bay. Nilimkuta Osmund ufukweni amesimama kwenye vichanja, anageuza usipa wake juani. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za nyumbani kama anavyoulizwa mgeni. Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusikia. Lakini hayo hukunikosea mimi hapa. Ulinikana kule. Kayaseme kule." Kisha akarudi kwenye usipa wake.

Nikayasema. Kabla ya mkutano mwingine wa kijiji nilimwambia kwanza Winfrida, nikaona si haki ayasikie uwanjani. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijua?" Nikasema, "Nilijua." Akachukua kikapu chake akaenda kuchuma kahawa. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alinipikia, alinifulia, aliniuguza, na hilo hakuliuliza tena hata mara moja. Lakini tangu siku ile nilikuwa nakaa na mtu mtulivu sana. Sasa naye ametangulia, na utulivu ameniachia nyumba nzima.

Na uwanjani? Unadhani nilipokiri watu walifumbuka macho? Walinizomea kama walivyomzomea Osmund. Walisema nimehongwa. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba mawe ya zahanati kwa mgongo wake mwenyewe alinifuata akaniambia, "Unataka kusema mimi ni mjinga?" Nikamtazama usoni nikajiona. Jembe akashinda tena, na tena, mpaka uzee ulipomstaafisha. Siku hizi yuko Songea kwa watoto wake. Zahanati ilikuja kuezekwa na viongozi wengine, baada ya miaka. Osmund bado yuko kule ziwani. Nikishuka tunasalimiana kama watu waliowahi kusafiri basi moja. Na hapa kijijini watu wananipa shikamoo na kupita.

Basi sikia ninachokuusia. Mtu anayemng'ang'ania kiongozi mwenye madoa si lazima awe kipofu. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha: mtu maskini hushika anayemjua kwa jina, hata akijua meno yake, kwa sababu wale wasafi hawajawahi kufika kwake. Na akishamtetea mara moja mbele za watu, ameshajifunga naye kamba moja. Kila aibu mpya ya yule bwana inakuwa aibu yake, kwa hiyo anaikana kwa nguvu zaidi. Ukimwita mjinga unakaza fundo.

Kwa hiyo ukitaka kumtoa baba yako huko alipo, usimpelekee picha kwanza. Mpelekee heshima. Kaa naye, kula chakula chake, mwulize ni siku gani mtu yule alimfaa, na umsikilize mpaka amalize. Ikiwa alimfaa kweli, kubali. Kisha mwulize taratibu jambo moja tu, kama nilivyoulizwa mimi, umwache alichukue aende nalo shambani. Na siku atakapogeuka, usimcheke kwamba amechelewa. Mwachie mlango, maana anayerudi kutoka huko hurudi peke yake, na njia ni ndefu.

Nawe pia, mwanangu, mbele yako kuna watakaokufadhili. Washukuru kwa mikono miwili. Lakini usimpe mtu yeyote ulimi wako uwe shukrani, na usimtoe rafiki ili kulipia wema wa mwingine. Ukikosea, kiri mapema, wakati wale uliowaumiza bado wana nguvu ya kukukasirikia. Hasira ni nusu ya kusamehe. Kinachobaki baada ya hasira kwisha ndicho kibaya.

Mungu wa milima hii na ziwa lile akupe moyo usiodharau na mdomo usiokana. Akupe rafiki wa kukuambia kweli, na siku atakapokutazama katikati ya watu akikungoja, usimame naye. Mkono wangu uko juu ya kichwa chako. Sasa nenda kwa baba yako ukale.