Baba na Mashimo ya Watu

Mafundi wanachimba choo nyuma ya nyumba yangu, na harufu ya udongo mweusi uliolowa imenirudisha Kitengela, Jumapili moja tukitoka kanisani.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, mdogo wangu alikuwa amezama na kufa katika shimo la ujenzi lililojaa maji ya mvua. Tangu hapo, baba hakuweza kupita shimo wazi bila kulifunika. Jumapili hiyo aliona jingine kwenye ploti ya jirani. Akavua koti, akaanza kuburuta bati, viatu vyake vya kanisani vikinenepa kwa matope.

"Mzee, hii ploti si yako," jirani akamwambia. "Kesho mafundi wanarudi, watafunua."

"Wafunue. Jioni nitakuja kufunika."

Nilijificha nyuma ya mama. Watoto wa shule yetu walikuwa wakipita, nami nilikuwa nimechoka na mashimo.

Mama alisonya. "Kitengela yote inajengwa. Utaziba mashimo yote?"

Baba aliendelea kuburuta. Bati lilimponyoka, akaliinua, likamponyoka tena.

"Unashika vibaya," mama akasema kwa hasira. "Kila siku unashika vibaya."

Akanitupia mkoba na Biblia, akapandisha sketi, akaingia matopeni na kushika upande wa pili. Walilifunika shimo lile wakigombana. Baba alipoweka jiwe juu ya bati, mama alilisukuma kwa mguu likabiringika.

"Hili ni dogo," akasema. "Mtoto analisukuma."

Baba akaenda kutafuta kubwa zaidi.