Mama Alipokubali Tena Kupanda Baiskeli ya Baba

Sie tuliokulia Tandika miaka ile ya ruksa, sabuni za rangi ziliporudi madukani na mitumba ikaanza kumwagwa chini hadi kando ya barabara, tunaijua raha ya kitu kimoja kutumiwa na nyumba nzima. Redio moja, na wakati wa kipindi cha salamu kila mtu kimya. Asubuhi shuleni na fagio la chelewa na kidumu cha maji, mchakamchaka mpaka vumbi linapanda puani. Mchana barafu ya ukwaju ndani ya mfuko wa nailoni, unaing'ata kwenye kona na kuinyonya taratibu ili mwenzio aishiwe kwanza. Jioni mpira wa chandimu, hadi mama mmoja atokeze mlangoni na kuita jina la mwanawe. Hapo wote tulijua siku imekwisha.

Na baiskeli moja. Ya baba ilikuwa nyeusi, ndefu, haina gia za kubadilisha, na keria yake ya nyuma pana ungeweza kulaza gunia la mkaa. Alikwenda nayo kazini kiwanda cha nguo. Watoto tulijifunzia hiyohiyo, mguu mmoja umepitishwa ndani ya fremu, mwili umepinda kama kamba. Vijana wa leo cheni ikichomoka wanasimama kuitazama kama nyoka, kisha wanaita bodaboda. Sie tuliirudisha kwa vidole, tukajipaka grisi kwenye kaptura ya shule, tukapigwa kwa ajili ya kaptura.

Mama alikaa kwenye keria kwa upande, mkono wake umeshika kiuno cha baba. Alikuwa mnene na mwenye heshima zake. Hata sokoni hakutoka bila kujifunga khanga mbili. Siku ya harusi ya mdogo wake kule Mbagala alivaa gauni jipya, akajipaka wanja, wakaondoka huku anaimba. Nilikimbia nyuma yao mpaka Mtoni.

Walipoanza kupanda ule mwinuko wa kutoka bondeni, baba akasimama juu ya pedeli. Cheni ikaruka. Pedeli ikazama ghafla chini ya mguu wake, baiskeli ikayumba, na mama akaketi katikati ya tope, mbele ya watu waliokuwa kituoni wakingoja basi. Hakuumia. Lakini baba alimtazama pale chini, wanja umemchuruzika, akacheka.

Mama akainuka, akajipangusa, akaenda harusini kwa miguu.

Tangu hapo nyumba ikawa na mkalimani, na mkalimani alikuwa mie. Baba kaketi mkekani, mama yuko hatua mbili tu, anapakua ugali, kisha ananiambia, "Saidi, mwambie baba yako chakula tayari." Namwambia. Baba ananijibu nimwambie mama ahsante. Kwanza nilicheka kichinichini. Baadaye nikaanza kuogopa. Mama hakuimba tena jikoni, na shangazi alikuja siku moja, wakanong'ona, nikasikia neno la kurudi kwao Kisarawe. Nikajua wakiachana, mie ndiye nitakayepeleka ujumbe huo pia.

Baba hakuzungumza na mtu. Alizungumza na baiskeli. Aliipindua uani, magurudumu juu, mie nikizungusha pedeli kwa mkono na yeye akidondosha mafuta ya cherehani kwenye cheni. Harufu ya yale mafuta, ikichanganyika na samaki wa kukaanga wa jirani, mpaka leo ikinipitia nasimama. Alivuta gurudumu nyuma, cheni ikakaza. Alitafuta kiungo kimoja kimoja, akapata kilichokuwa kigumu, akakilainisha. Mwisho akanunua cheni mpya, maana sasa vitu vipya vilipatikana. Tukizungusha uani, kimya, haina neno. Nikipanda mie kwenye keria, haina neno. Akinitazama na vimiguu vyangu, anatikisa kichwa. Cheni ile ilikuwa hairuki bila uzito, na uzito wenyewe ulikuwa jikoni, umenuna.

Jumapili ile akanituma. "Mwambie mama yako namwomba kidogo, akae nyuma nijaribu."

Mama hakuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Muulize. Anatafuta mzigo au anatafuta mke?"

Nilirudi uani, miguu mizito. Baba alinisikiliza. Akafuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko mikono ilivyotaka, akanipita, akaenda mwenyewe hadi mlango wa jikoni.

"Mama Saidi. Siku ile nilikosea. Sikutakiwa kucheka."

Mama akaendelea na mchele. Kisha akaweka ungo chini, akajifunga khanga ya pili.

Walizunguka mtaa ule wa mchanga, kwenda na kurudi, mie nikikimbia pembeni. Cheni mpya ikaruka vibaya kuliko ya zamani. Bi Tatu, jirani yetu, akiwa barazani kwake anasuka mkeka, akauliza ni safari gani hiyo isiyofika.

"Tunakwenda Makka," mama akamjibu. "Bado tunatafuta barabara."

"Basi mtafika na wajukuu," akasema Bi Tatu.

Baba akawa anainama kutazama mbele, kwenye gia ya pedeli. Mama akampiga kofi dogo mgongoni. "Baba Saidi, huko mbele unakohangaika hakuna kitu. Inagonga hapa nyuma, chini yangu. Nimekalia, naisikia."

Wakashuka. Baba akachutama nyuma ya gurudumu. Meno ya gia ndogo ya nyuma yalikuwa yameliwa, yamelala upande mmoja kama mapezi ya papa, na cheni mpya ikivutwa kwa nguvu inayapanda na kuteleza. Alimwonyesha mama kwa kidole chenye grisi, vichwa vyao karibu kugusana, naye mama akaanza kucheka, baba akasubiri kwanza, kisha naye akacheka. Gia mpya ilifungwa wiki ile. Lakini jioni ileile mama aliita mwenyewe: "Baba Saidi, maji ya kunawa haya." Nikaachishwa kazi, na sijawahi kufurahia kufukuzwa kazi kama siku ile.

Leo nina nyumba Kinyerezi, gari uani, na kila mmoja nyumbani alikuwa na redio yake na simu yake. Mke wangu aliponuna, nilikuwa na uwezo wa kutomwomba kitu. Kikiharibika nilinunua kingine, chakula kiliagizwa, nauli nilimtumia kwa simu. Sikumhitaji kwa lolote lililoonekana, na nililiona hilo kuwa ni maendeleo. Kosa ni langu. Sasa yuko Bunju kwa binti yetu. Watoto wananiambia, baba, mtumie ujumbe tu. Naandika, kisha nafuta. Natamani mtaa wenye mchanga, jirani mtani barazani, na mke wangu nyuma yangu kwenye keria, ameshika kiuno changu, ananiambia inagonga wapi.