Chakula cha Aliyemuua Khaled

Wa kwanza kumwita mwehu alikuwa binti yake mwenyewe. Amira alimkuta mama yake jikoni asubuhi ya siku ya visite, siku ya kuwaona wafungwa, anafunga ugali kwenye jani la mgomba na kutia ndagala za kukaanga kwenye bakuli la plastiki, akauliza ni nani anaumwa. Mwantum akamjibu bila kugeuka kwamba hakuna anayeumwa, chakula ni cha Arnaud. Amira akatua ndoo aliyoshika. Akauliza ni Arnaud yupi, kana kwamba mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa nao wawili.

Arnaud ndiye aliyemuua Khaled, na Khaled alikuwa kaka yake Amira, mtoto wa kiume pekee wa Mwantum. Nalisema mapema kwa sababu huku kwetu watu wameisimulia hadithi hii kwa mafumbo hadi ikaharibika. Wengine wanasema yule mama alirogwa. Wengine, Mungu awasamehe, wanasema kulikuwa na mambo kati yake na yule kijana. Midomo ya Buyenzi haijawahi kupata likizo. Mwantum hakurogwa, wala hakuwa na mambo. Alikuwa na shida moja tu: alitaka kujua mtoto wake yuko wapi.

Mwantum ni mzaliwa wa hapahapa. Baba yake alikuja kutoka Ujiji na cherehani, akafa na cherehani. Mwenyewe anauza chapati na sambusa kwenye kona karibu na magaraji, na kila fundi wa mtaa ule ana mahali pake kwenye benchi lake la mbao. Ana mkono wa pilau unaoitwa kwenye harusi zote, na ana ulimi pia. Ukimwambia chapati ni ndogo anakuuliza kama ulizaliwa mkubwa.

Arnaud aliletwa kwenye benchi lile na Khaled. Alikuwa kijana wa Uvira, Kongo, amevuka mpaka na vita, hana mtu. Khaled alimtafutia nafasi garajini, kisha akamleta nyumbani, na tangu hapo sahani yake ikawa inapakuliwa bila kuuliza. Alikuwa Mulokole wa kanisa la makofi na ngoma, lakini mwezi wa Ramadhani alikuwa anakaa nao mkekani akingoja adhana, hataki kula peke yake. Mume wa Mwantum alipofariki, Arnaud alikuwa kati ya waliobeba jeneza, akasimama ukingoni mwa kaburi mpaka mwisho. Mwantum alikuwa anamwita mwanangu wa Uvira. Alimpenda, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Siku yenyewe, vijana wawili walitoka kujaribu gari la mteja, kamyoneti, kwenye barabara ya Rumonge. Jana yake Arnaud alikuwa ameichukua bila ruhusa, akaigonga. Njiani Khaled akamwambia atamwambia patro, mwenye garaji. Wakabishana. Khaled, ambaye alirithi ulimi wa mama yake, akaongeza kwamba ndiyo maana kwao Kongo hakuna kinachosimama. Walikuwa wamesimama kando ya barabara kukaza tairi, na ufunguo wa matairi ulikuwa mkononi mwa Arnaud. Alimpiga mara moja tu, na ile moja ilitosha.

Jioni Arnaud alifika kwa Mwantum kama kawaida. Alikaa kwenye benchi, akapewa chai, akainywa yote, akauliza, "Mama, Khaled hajarudi?" Kisha kwa wiki nzima akazunguka na watu kumtafuta, akabandika picha kwenye nguzo, akalia na waliolia. Mwantum husema kifo ni cha Mungu, lakini ile chai ilikuwa ya Arnaud.

Damu ilionekana chini ya zulia la kamyoneti. Arnaud hakuchelewa kukiri. Mahakamani aliulizwa mwili uko wapi, akasema aliutupa ziwani. Wavuvi walitafuta, hawakupata kitu. Hakimu akaandika ziwa, watu wakaamini ziwa, kesi ikaisha kwa kifungo cha miaka ishirini.

Mwantum hakuamini. Kijana yule alikuwa anaogopa maji kuliko jini. Vijana wa garaji walikuwa wakienda kuoga ufukweni Jumapili, yeye hubaki barabarani analinda viatu vyao. Mtu asiyethubutu kulowesha magoti atabebaje maiti mpaka ndani ya ziwa?

Walimsalia Khaled sala ya ghaibu, wakasoma hitima, pilau ikaliwa. Shemeji yake Mwantum, mzee Hamimu, alimwambia kwa upole kwamba sasa ashukuru na apumzike. Angepumzika vipi? Mtoto hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hana hata pa kumwagia maji. Geti likigongwa, moyo wake unakimbia kufungua kabla ya miguu. Alikuwa amemkumbuka Khaled mpaka akachukia harufu ya mafuta ya magari, kwa sababu ilikuwa inaingia na watu wengine.

Basi akaenda gerezani. Mara ya kwanza alikwenda mikono mitupu, Arnaud akakataa kutoka. Mara ya pili vilevile. Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Huku kwetu mfungwa na mgonjwa hugemuliwa, yaani mtu wake wa nje humpelekea chakula. Kinacholiwa ndani hakishibishi, na asiye na wa kumgemulia anakonda mpaka mbavu zinahesabika. Uvira hakukuwa na wa kumgemulia Arnaud. Mfungwa anaweza kukataa kuonana na mtu, lakini jina lake likiitwa kwa ajili ya chakula, lazima miguu itoke.

Ndiyo asubuhi ile aliyoitwa mwehu. Mlangoni mlinzi alifungua bakuli, akamwambia aonje kwanza, ndiyo kawaida yao. Mwantum akala tonge na samaki mmoja mbele ya foleni nzima. Mlinzi akamuuliza yeye ni nani kwa mfungwa. Akatafuta neno. Akasema, "Nilikuwa ninamupikia."

Arnaud alitoka, akamuona, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amebaki shingo na macho.

"Kula," akasema Mwantum.

"Mama, pardon."

"Sikuya kwa pardon. Kula, kisha uniambie mutoto wangu uko wapi."

Alikula akiwa ameinama, machozi yanaingia kwenye ndagala. Alipomaliza akasema, "Ziwani, mama."

"Weye unaogopa maji."

Muda ulikuwa haujaisha, na Mwantum hakuwa na lingine la kusema, wala hakutaka kuondoka. Kimya kikawa kirefu, na Arnaud, nadhani kwa hofu tu ya kile kimya, akasema, "Khaled alikuwa anapenda hizi ndagala zikiungua kidogo." Ni kweli. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua hilo, isipokuwa yeye na mama mtu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila siku ya visite Mwantum alipika, akaonja mlangoni, akakaa kwenye benchi la uani, akauliza swali lake, akaambiwa ziwani. Kisha Arnaud anasimulia. Alimwambia Khaled alivyokuwa anaimba chini ya magari kwa sauti mbaya mpaka wateja wanaomba redio. Alimwambia kuhusu paka kilema wa garaji aliyewekewa kipande cha chapati kila asubuhi, chapati zilezile ambazo Mwantum alidhani mwanawe anazimaliza. Na siku moja alimwambia kuhusu Houda, msichana wa Kanyosha, ambaye Khaled alitaka kumuoa. Alikuwa anafanya mazoezi ya kumwambia mama yake, Arnaud akiigiza mama, na kila mara yule mama wa kuigiza alikuwa anakataa ili wacheke.

Mwantum hakuwa anajua habari za Houda. Alirudi nyumbani kwa miguu siku ile, kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu mwanawe alikuwa ameongezeka kidogo. Kwingine kote Khaled alikuwa amekoma. Amira hakutaka jina lake litajwe, mafundi walikuwa wanashusha sauti wakimuona. Ni mdomo wa aliyemuua tu uliokuwa bado unampa habari mpya. Aibu iliyoje, na bado siku ya visite alikuwa anaamka kabla ya adhana.

Mara moja Arnaud alibadilisha jibu. Alisema Kanyosha, ukingoni mwa mto, karibu na daraja. Mwantum alimchukua mzee Hamimu na majembe na watu wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, wakachimba kutwa, wakapata chupa na mizizi. Siku ya visite alikuja na pilau ya nyama, ile ya harusi. Alimuacha Arnaud aione, ainuse, kisha akaimwaga yote chini mbele ya miguu yake.

"Mbele yangu usidanganye tena," akamwambia. "Hata neno moja."

Wiki iliyofuata hakuenda, wala iliyofuata. Amira alidhani mama yake amepona. Kisha akaja mtu aliyefunguliwa, na salamu: Arnaud anaomba mama aje, hata bila chakula.

Alimkuta amekonda tena. Hakusalimia. Arnaud akasema, "Mama, nikikuambia kweli, utarudi kuniona?"

Hapo ndipo Mwantum alipofahamu. Kijana hakuwa anaficha mwili kwa kuogopa sheria, maana sheria ilikwisha kumla. Alikuwa anauficha kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomleta mtu mlangoni kwa jina lake. Mwantum angeweza kusema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo, achukue mtoto wake, aende zake. Lakini alikuwa amechoshwa na uongo.

"Apana," akasema. "Sitarudi."

Arnaud akaitikia kwa kichwa polepole. Alifuta uso kwa kiganja. Kisha akamwambia: Ruziba, ukipita soko unaacha barabara, unaingia kwenye shamba la michikichi, kuna shimo la udongo waliloacha wafyatua matofali. Nyuma yake, chini ya mchikichi wenye shina lililogawanyika. Alisema yote bila kusimama, kama anayetapika, na Mwantum akaondoka bila kuaga.

Walimpata. Mzee Hamimu alishuka mwenyewe ndani ya shimo walilochimba, akataka mama mtu akae mbali, mama mtu akakataa. Udongo ulipopungua, mzee aliliweka jembe kando.

"Shemeji," akasema, "huyu hakutupwa. Amelazwa."

Khaled alikuwa amelazwa ubavu wake wa kulia, amenyooshwa, shavu limewekwa kwenye udongo kama tunavyowaweka maiti zetu. Juu yake palikuwa na kombinezo, ile ovaroli ya garaji, imetandazwa kwa kukosa sanda. Kosa lilikuwa moja. Hakuelekezwa kibla. Alielekezwa milimani, jua linakotoka.

Mwantum alikaa chini kwenye majani ya michikichi. Alikuwa amejiandaa kwa mifupa, hakujiandaa kwa ule mpangilio. Alimchukia Arnaud saa ile kuliko siku zote, kwa sababu mikono iliyofanya lile na mikono iliyofanya hili ilikuwa ileile, na hakujua amchukie kwa mkono upi.

Walimvisha sanda, wakamsalia, wakamzika makaburi ya Waislamu karibu na baba yake, kibla sawasawa. Watu walikuja wakamshika mkono, wakasema alhamdulillah, sasa moyo utatulia. Yeye naye alingoja utulie. Kila Ijumaa alikwenda kaburini, akang'oa majani, akamwaga maji, akasoma Yasini. Alikuwa amelitamani kaburi lile kwa miaka, akaamini kwamba hiyo ndiyo kiu yake yote. Na sasa analo, anakaa nalo asubuhi nzima, nalo halimwambii kitu. Hakuna lisilolijua lile kaburi, ila halisemi.

Siku moja ya visite Amira aliamka akasikia ndagala zikikaangwa. Alisimama mlangoni mwa jiko. Safari hii hakumwita mama yake mwehu. Alimwambia tu, "Usiziunguze," naye Mwantum akasema ndivyo zinavyotakiwa.

Alionja mlangoni. Mlinzi hakuuliza tena yeye ni nani. Arnaud alipotoka alisimama mbali, hakuamini.

"Ulisema hautarudi."

"Kaa chini. Sijakusamehe."

"Najua, mama."

Alikaa. Mwantum alimtazama akila, kisha akamuuliza kilichokuwa kinamsumbua usingizini. "Nani alikuambia kibla iko milimani?"

Arnaud aliacha kutafuna. "Ni weye, mama. Kwenye kilio cha baba niliuliza, ukaonyesha na mudomo."

Mwantum hakukumbuka. Nyumba ilikuwa imejaa watu siku ile, na huku kwetu midomo huonyesha kila kitu. Pengine alikuwa anamuonyesha mtu sukari iliko. Kicheko kilimpanda mpaka kooni, kikageuka huko njiani, akajifunika uso kwa mtandio mpaka kilipopita.

"Basi," akasema alipofunua uso. "Nipe habari za Khaled."

Arnaud aliweka tonge chini. Alitazama juu, akatazama ukuta, akarudi kwenye bakuli.

"Zimeisha, mama. Ile ya paka, ile ya Houda, ile ya redio, zote nilishakuambia. Sina ingine. Nikisema ingine nitakuwa nadanganya, na weye ulinikataza."

Mwantum alimsogezea bakuli karibu.

"Danganya," akasema.